Bonane kando ya maji: mambo ya kujua mbele ya kuondoka

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, bonane inakaribia. Katika kambi watu wameanza kuuliza: mwaka huu tutakwenda wapi? Wengine watabaki nyumbani, watapika kuku na bukari, na majirani watakuja. Lakini wengi hawapendi tena kukaa kati ya kuta. Wanajichanga jamaa tatu ao nne, wanakodi kamio ao basi ndogo, wanabeba sufuria, makasha ya vinywaji na watoto wote, na wanakwenda kwenye maji.

Tunawaelewa. Mutu anayekaa mwaka muzima ndani ya vumbi, makelele ya mashini na giza la chini ya ardhi, mapafu yake yanataka hewa nyingine. Na inchi yetu ya Katanga ina mahali pazuri. Watu wa Kolwezi wanalo ziwa la Nzilo, lililofanywa na ukuta wa umeme kwenye muto Lualaba katika miaka ya 1950. Watu wa Likasi wanalo ziwa Tshangalele, nyuma ya ukuta wa Mwadingusha juu ya muto Lufira, ambao kiwanda chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Watu wa Lubumbashi wanakwenda Kipopo. Wenye motokari nzuri na siku nyingi wanakwenda mpaka maporomoko ya Kiubo, ao wanafikiri juu ya Lofoi, katika park ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970, pale maji yanapoanguka zaidi ya mita 300.

Ukurasa huu haukuja kuwakataza. Unataka tu kusema jambo moja: siku ya kazi tunajilinda, lakini siku ya furaha tunaacha ulinzi nyumbani pamoja na kofia ya kazi. Na maji hayajui kama leo ni siku kuu.

Sahani moja iliyobaki

Mimi musaidizi wa muganga ninayeandika haya, miaka michache iliyopita nilikwenda kufanya bonane kando ya ziwa pamoja na jamaa nne. Tulikuwa wakubwa kumi na moja na watoto kumi na tisa. Wamama walikuwa motoni. Wababa tulikaa chini ya muti na karata mukononi. Watoto walichezea maji. Kila mukubwa alifikiri kwamba mukubwa mwingine anawaangalia.

Chakula kilipokuwa tayari, mama mumoja alipanga sahani kumi na tisa za watoto. Watoto wakaja, wakachukua. Sahani moja ikabaki.

Kwanza tulicheka: nani hana njaa leo? Kisha mama wa mutoto akaita jina. Akaita tena. Sisi wanaume tukasimama, karata zikaanguka. Kwa bahati muvuvi mumoja alikuwa anapita na mutumbwi karibu na matete, akaona kitambaa chekundu ndani ya maji. Alikuwa ni yule mutoto wa miaka sita. Muvuvi akamutoa, alikuwa hapumui.

Nitasema chini namna tulivyofanya. Mutoto alipona, na leo anasoma. Lakini hakupona kwa sababu ya akili yetu. Alipona kwa sababu ya muvuvi na kwa sababu ya sahani. Nami, mutu wa dawa, nilikuwa na karata mukononi kama wengine. Haya bado inanikamata.

Sasa fikiri, ndugu. Mbele ya kushuka katika shimo, kila mutu anachukua taa yake na namba yake. Akipanda, anairudisha. Kama taa moja haikurudi, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka mwenye taa ajulikane yuko wapi. Chini ya ardhi tunahesabu wanaume wenye nguvu, waliofundishwa. Kando ya maji hatuhesabu watoto wasiojua kuogelea. Hiyo si akili.

Kanuni ya kwanza: mulinzi wa maji

Mbele ya mutoto yeyote kutia muguu ndani ya maji, fanyeni hivi:

1. Chagueni mulinzi wa maji. Ni mukubwa mumoja, jina lake linatajwa mbele ya wote. Hanywi pombe, hachezi karata, hashiki simu, hapiki. Kazi yake ni kuangalia tu.

2. Badilisheni mulinzi kila nusu saa, kama timu zinavyobadilishana kazini. Anayetoka anasema kwa mudomo: "Ninakuachia watoto kumi na tisa." Anayeingia anawahesabu mbele ya kukubali.

3. Wekeni mupaka. Pigeni miti miwili chini na mufunge kamba. Mutoto asipite pale maji yanapofika kwenye kiuno chake.

4. Watoto wadogo wasiojua kuogelea, mukubwa awe karibu nao kiasi cha kuwashika kwa mukono. Mutoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hana hewa ya kulia. Anashuka kimya, na dakika chache zinatosha kumuua.

5. Mukubwa aliyekunywa asiogelee. Pombe inamudanganya mutu juu ya nguvu zake.

6. Usiruke kwa kichwa ndani ya maji usiyoyajua. Chini kuna mawe na vigogo, na shingo ikivunjika mutu anaweza kubaki bila miguu wala mikono maisha yake yote.

7. Karibu na maporomoko na karibu na ukuta wa umeme musiogelee kabisa. Mawe ya maporomoko yana utelezi, na mvua iliyonyesha mbali inaweza kuongeza muto ghafula hata kama kwenu jua linawaka. Kwenye ukuta maji yana nguvu ya kuvuta ambayo hauioni juu.

8. Ulizeni wenyeji mbele ya kuingia. Wavuvi wanajua palipo mamba na viboko. Wakisema hapana, ni hapana.

Kama mutu amezama

Usiruke kumufuata kama haukufundishwa kuokoa watu. Mutu anayezama anamushika mwokozi kwa nguvu zote, na wawili wanakufa. Mutupie kitu: kamba, tawi refu, bidoni tupu iliyofungwa vizuri. Bidoni ya litre 20 isiyo na kitu inaweza kumushika mutu juu ya maji. Basi mukifika tu, fungeni bidoni moja kwenye kamba na muiweke karibu na mulinzi. Kuanzia saa ile haichoti tena maji.

Siku ile yetu wazee wawili walitaka kumufunga mutoto miguu juu kichwa chini, ili maji yatoke. Mwingine alitaka kumukamua tumbo. Musifanye hivyo. Inapoteza wakati, na matapishi yanaweza kuingia ndani ya mapafu. Mutu aliyezama anakosa hewa, mupe hewa. Fanya hivi:

Mulaze chali juu ya udongo mugumu. Inua kidevu ili kichwa kirudi nyuma. Angalia kama kifua kinapanda. Kama hapumui, ziba pua yake kwa vidole, weka mudomo wako juu ya mudomo wake, na umupulizie mara 5, polepole, ukiona kifua kinapanda. Kama bado hapumui wala hatikisiki, weka mukono katikati ya kifua na usukume chini mara 30, haraka, karibu mara mbili kila segonde. Kwa mutu mukubwa tumia mikono miwili na usukume senti 5 hata 6. Kwa mutoto mudogo mukono mumoja unatosha, na kifua kishuke sehemu moja juu ya tatu ya unene wake. Kisha pulizia mara 2. Tena 30, tena 2. Usiache mpaka apumue, ao mpaka musaada ufike. Mwingine wakati huo atafute motokari.

Akianza kupumua, mulaze kwa ubavu na umufunike, na umupeleke hospitali hata kama anasema yuko muzima. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa chache nyuma. Yule mutoto wetu alilala hospitali siku mbili.

Adui asiyeonekana: konokono

Habari ya siku ile haikuisha pale. Katika mwezi wa 4 kaka ya yule mutoto, mwenye miaka kumi na moja, aliletwa kwetu dispanseri. Alikuwa anakojoa damu tangu siku nyingi na alikuwa anaficha. Rafiki zake walimwambia ni alama ya kuwa mwanaume. Si alama ya uanaume. Ni bilharizia, ambayo wengine wanaiita kichocho. Siwezi kuapa kwamba aliipata siku ya bonane, maana watoto wanaoga kila mahali. Lakini ziwa lile lilitosha.

Muelewe vizuri namna ugonjwa huu unavyotembea. Mutu mugonjwa anakojoa ao anakwenda choo kikubwa ndani ya maji ao kando yake. Mayai ya mududu yanaingia majini na kupasuka. Kidudu kinachotoka kinatafuta konokono mudogo wa majini, kinaingia ndani yake na kuzaana kwa wingi. Konokono mumoja anatoa vidudu maelfu. Hivyo ndivyo vinavyoingia katika ngozi ya mutu kwa dakika chache tu, bila kidonda, bila kuuma. Wengine wanaona tu ngozi inawasha kidogo. Ndani ya mwili vinakuwa minyoo inayoishi miaka mingi na kutaga kila siku. Mayai mengine yanatoka na mukojo ao choo. Mengine yanabaki na kuharibu kibofu, matumbo na ini.

Konokono hawa wanapenda maji yaliyotulia, yenye majani na matete. Kwa hiyo maziwa yaliyofanywa na kuta za umeme yanawafaa sana. Na vidudu vinatoka kwa wingi kati ya saa 10 ya asubuhi na saa 15, yaani saa zile zile watoto wetu wanapooga. Basi:

– Usiwaache watoto kucheza ndani ya matete. Hata kutia miguu tu kunatosha kupata ugonjwa.

– Hakuna kukojoa ndani ya maji, wala kwenda choo kando yake. Mukifika, chimbeni shimo mbali na maji, na mulifunike mbele ya kuondoka. Mugonjwa mumoja anaharibu maji ya watu wengi.

– Maji ya kunywa, ya kusafisha sahani na ya kunawisha mutoto, beba kutoka nyumbani. Ya kunywa yachemshwe.

– Kama mumeogelea, andikeni tarehe. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: usikimbilie vidonge wiki inayofuata. Dawa yake, praziquantel, inaua minyoo iliyokomaa, haiwezi vizuri minyoo michanga. Na mayai hayaonekani katika mukojo ao choo mbele ya wiki 6 hata 8. Aliyeogelea tarehe 1 ya mwezi wa kwanza, alete watoto wapimwe mukojo na choo mwanzo wa mwezi wa 3. Dawa inapimwa kwa uzito wa mutu na inamezwa pamoja na chakula. Lakini homa, kikohozi ao mwili kuwasha mbele ya pale, usingoje: njoo, na useme kwamba uliogelea.

Bonane ni siku moja. Deni la maji linadaiwa miezi miwili nyuma, wakati hakuna anayekumbuka tena.

Radi

Bonane yetu inaanguka katikati ya mvua. Asubuhi mbingu ni safi, muchana mawingu yanapanda, jioni radi inapiga. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, watu wote watoke majini. Musingoje mvua. Radi inaweza kupiga mbele ya tone la kwanza kuanguka.

Ukitaka kujua iko mbali gani, hesabu segonde kati ya mwangaza na ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Segonde 15 ni kilometa 5. Ni karibu sana.

Musikimbilie chini ya muti unaosimama peke yake, wala chini ya hema, wala ndani ya mutumbwi. Ingieni katika nyumba ya kweli ao ndani ya motokari yenye paa la chuma, mufunge vioo. Nyuma ya kamio iliyo wazi si mahali pa kujificha. Ngojeni nusu saa nzima nyuma ya ngurumo ya mwisho.

Mutu aliyepigwa na radi hana umeme ndani ya mwili. Usiogope kumugusa. Kama hapumui, mufanyie kama tulivyosema juu ya aliyezama. Wengi wanakufa kwa sababu wenzao walisimama mbali wakiangalia.

Chakula, bowa, nyoka na mbu

Kuku aliyepikwa saa 6 ya asubuhi na kuliwa saa 15, akikaa ndani ya sufuria ya uvuguvugu, ni shamba la vijidudu. Ama pika pale pale na mule mara moja, ama pasha moto mpaka mvuke utoke. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto.

Wakati huu bowa inaota, na wamama wanapenda kuitafuta porini. Mama anayeijua vizuri, achume ile aliyoifahamu tangu kwa mama yake. Ile usiyoijua, iache. Kuipika sana hakuondoi sumu, na kuona wadudu wameikula si ushuhuda kwamba ni nzuri. Sumu iliyo mubaya kabisa inakawia saa 6 ao zaidi mbele ya kutapikisha, na wakati huo inakuwa imeanza kula ini. Ukitapika nyuma ya kula bowa, njoo hospitali na ulete kipande kilichobaki.

Nyoka akiuma: usikate, usinyonye, usikaze kamba. Jiwe nyeusi halitoi sumu. Ondoa pete na bangili, funga muguu ao mukono kwa kijiti usitikisike, na mumubebe mugonjwa, asitembee. Dawa iko hospitali.

Jua likishuka, mbu wanaamka. Vaeni nguo ndefu, na kama mutalala pale, bebeni chandarua. Homa ikija siku 7 ao zaidi nyuma ya safari, usiseme ni uchovu wa siku kuu. Pimwa malaria siku ile ile.

Kurudi nyumbani, na kurudi kazini

Dereva hanywi hata chupa moja. Mupeni sahani ya kwanza na nyama nzuri, mumuheshimu. Ondokeni mbele ya giza, maana barabara za mvua zina mashimo. Na mbele ya kamio kuwasha moto, hesabuni tena watoto: waliofika kumi na tisa, wanarudi kumi na tisa.

Wewe unayepaswa kuingia kazini tarehe 2 asubuhi, sikiliza hesabu hii. Chupa moja kubwa ya bia ya kawaida inauomba mwili karibu saa 3 hata 4 ili kuimaliza. Aliyekunywa tano, mwili unahitaji saa 15 hata 20. Akimaliza ya mwisho saa sita ya usiku, saa ya kushika mashini bado yeye ni mulevi, hata kama amelala, amekunywa kahawa na kuoga maji ya baridi. Kahawa inaamsha macho, haiondoi pombe. Na yule mwenzako anayefanya kazi chini ya ndoo ya mashini yako, naye ana watoto wanaongoja.

Maulizo ya kujibu pamoja nyumbani

Baba na mama, jioni moja mbele ya bonane, someni maulizo haya na watoto wenu:

1. Mulinzi wetu wa maji wa kwanza atakuwa nani? Wa pili nani?
2. Bidoni na kamba viko wapi?
3. Ni nani kati yetu anayejua kupulizia mutu asiyepumua? Kama hakuna, tutakwenda lini dispanseri kuonyeshwa?
4. Tukisikia ngurumo, tutaingia wapi?
5. Hospitali ya karibu na pale tunapokwenda iko wapi, na tutafika kwa motokari gani?
6. Ni tarehe gani tutapeleka watoto kupimwa bilharizia?

Mukiweza kujibu yote sita, kwendeni, na mufurahi. Pigeni ngoma, kuleni samaki, muone maji yanavyoanguka. Kama jibu moja halipo, lina dawa: litafuteni mbele ya kuondoka.

Tangu mwaka ule mimi nimebaki na desturi moja. Kila bonane, mbele ya kula, ninapanga sahani za watoto mimi mwenyewe, na sikai chini mpaka ya mwisho imechukuliwa.

Bonane kwenu wote, na mwaka mupya utukute tukiwa wengi kama tulivyo leo.